Jezi Nyekundu za Msumeno

Hapana, haikuwa damu. Ni mninga. Nawaona mnavyoniangalia, midomo imeshafunguka, nimeamua niwawahi. Maana kila anayesikia habari za timu ya Msumeno anaanza na hiyo hiyo: "Bibi, eti ni kweli mlikuwa mnachinja kuku mnapaka jezi?" Nani achinje kuku apake nguo, halafu watoto wale nini? Wewe pale mwenye kofia, ungekuwa na kuku ungepaka fulana? Ungekula na manyoya.

Mninga ule mti ukiupiga shoka unatoa maji mekundu kama umekata mtu. Na kiwanda chetu hapa Mpanda kilikuwa cha kupasua mininga. Magogo yanaingia na lori, yanatoka mbao, mbao zinapanda treni zinakwenda zake. Maganda yanabaki. Mimi nilikuwa nachemsha maganda, nachovya fulana nyeupe, zikikauka ndiyo timu hiyo. Mimi Mama Tatu nilikuwa mama wa jezi. Wengine wanasema mfuaji. Semeni mfuaji, sikasiriki. Ila timu ile ilipotaka kufa, wakubwa wote walikaa kimya, aliyehangaika isife ni mfuaji. Nitawaambia.

Hilo neno la damu lilianza siku ya watu wa Karema. Walikuja na lori la samaki, wananuka dagaa, wanaimba. Mimi rangi nilikuwa nimeitia juzi yake tu, haijashika. Kipindi cha pili mvua ikashuka. Weee! Vijana wangu wakaanza kutiririka. Miguu nyekundu, mikono nyekundu, maji mekundu yanaingia kwenye viatu. Refa alikuwa mwalimu mmoja mfupi, sauti yake na ya filimbi huzitofautishi: "Simama! Simama! Namba nane anatoka damu! Namba nne naye! Jamani... wote!" Nahodha wa Karema, lile jitu la ziwani, sauti inatokea tumboni, akasema, "Sisi hawa hatuwagusi. Hawa wametengenezwa na mganga." Basi kila kijana wetu akichukua mpira wanampisha kama bwana harusi. Tukawafunga tukachoka.

Wakalalamika. Akaja mkubwa mmoja wa ligi, nikamletea ndoo ya maganda. Akachovya vidole, akanusa, akatikisa kichwa kama amejua, halafu akajisahau akajifuta kwenye suruali yake ya kaki. Suruali ile ilibaki na vidole vitatu mpaka mzee wa watu anastaafu.

Kwa hiyo kama kuna binti hapa anataka kujifunza, asikilize. Ganda la chini, karibu na mzizi, ndilo lenye rangi, la juu juu linakudanganya. Litwange, lichemshe mpaka maji yawe kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Tia chumvi, tia maji ya majivu. Chovya, geuza, acha ilale humo. Usikamue, ukikamua inatoka na mistari kama pundamilia. Anika kivulini, jua linaila. Na usiivalishe mtu kabla haijafuliwa na maji matupu, mara kwa mara, mpaka maji yatoke meupe. Hilo la mwisho mimi nilifundishwa na watu wa Karema.

Mengine yote nilifundishwa na Bibi Kalunde. Huyu alikuwa Mnyamwezi, alinitangulia pale kiwandani kufua ovaroli za mafundi. Muda wote ana ugoro chini ya mdomo, kwa hiyo anaongea bila kuufungua, hivi, mnaniona? "Mm-mwanangu. Tope la m-mbuga halifuliwi bichi. Liache likauke, lipukute, ndiyo ulete m-maji." Kweli bwana. Ukilitia maji likiwa bichi linaingia ndani, linakaa humo kama mpangaji asiyehama.

Na ni yeye aliyenionyesha kusoma jezi. Mimi na yeye shule hatukuiona hata kwa dirisha, lakini jezi tulisoma. Mchezo ukiisha, kabla hujaloweka, unazitandaza. Hii mgongo umelowa mpaka chini: huyu alikimbia. Hii imelowa kwapani tu: huyu alikuwa na woga. Hii kavu: huyu alikuja kutazama mpira, kakosa kiti akaingia uwanjani.

Ndiyo maana kocha wetu, Fundi Kolya, kila baada ya mchezo alikuwa anakuja kwetu kwenye karo la kufulia.

Fundi Kolya alikuwa Mrusi. Ndiyo, Mrusi, hapa hapa Mpanda, msicheke. Aliletwa na mashine. Mashine ilifungwa, wenzake wakarudi kwao, yeye akabaki kuilinda isiharibike. Mrefu, mwekundu shingoni, Kiswahili kakiokota karakana, na herufi "h" ilikuwa inamkwama kooni kama mwiba wa samaki. Anachuchumaa pale kwenye karo, miguu mirefu kama panzi: "Mama, kharaka, niambie. Nani khakukimbia leo?"

Bibi Kalunde anainua jezi kwa vidole viwili kama ameshika panya. "Hii." Basi wiki inayofuata mwenye jezi hiyo anakaa benchi. Ugomvi wote wa kupanga timu ulikuwa unaishia kwenye beseni.

Sasa kulikuwa na winga mmoja, Pius, Mfipa, kijana mzuri wa sura, anapendwa na wasichana, mvivu kama paka wa padri. Akaona siri ni jasho. Mapumziko akajimwagia ndoo nzima ya maji. Mchezo umeisha, jezi inachuruzika. Analeta mwenyewe, anatabasamu: "Bibi, leo nimekufa uwanjani." Bibi Kalunde akaichukua, akaitazama, akatoa ulimi akailamba. Mbele ya watu! Akatema. "M-mwongo. Haina chumvi." Kolya alicheka mpaka akakaa chini kwenye tope.

Na ng'ombe naye akatoa ushahidi wake. Wakati huo Wasukuma ndiyo wanaingia na mifugo yao, kila siku unaona vumbi jipya. Siku moja nimetundika jezi kwenye kamba zipigwe na upepo kabla sijaloweka, nikaenda kuchota maji. Narudi, ng'ombe yuko kwenye kamba anatafuna. Namba nane imeingia nusu, mkono wa jezi unaning'inia mdomoni kama ulimi wa pili. Napiga kelele, mwenye ng'ombe anakuja polepole na fimbo yake mabegani: "Mwangaluka, mama. Usimpige. Nguo zako zina chumvi nzuli."

Namba nane alikuwa nahodha wetu, Maganga. Yeye ndiye aliyekuwa anaendesha msumeno mkubwa, mkimya, mabega kama mlango. Hakuna aliyekimbia kama yeye. Ng'ombe alipita kamba nzima akamchagua yeye. Jezi ya Pius ilikuwa jirani, hata kuinusa hakuinusa. Kolya alipoletewa habari akainua kidole: "Khuyu ng'ombe awe kocha."

Mnacheka. Chekeni. Mimi nikicheka peke yangu hapa nyumbani wanasema bibi ameanza.

Sasa timu yenyewe ilikujaje? Kolya ndiye alianzisha, na hakuitoa kichwani. Aliitoa kwao. Alikuwa anatusimulia wakati honi ya chakula imelia, tunakula ugali na maharage kwenye kivuli cha mbao, yeye anakula kwa mkono ila unga wote unabaki kwenye ndevu. Anasema kwao kulikuwa na kiwanda kikubwa cha mashine, na wafanyakazi siku ya mapumziko kazi yao kulewa na kutwangana. Mabwana wa kiwanda wakaona hii haifai, Jumatatu watu wanakuja na macho yamevimba, nyundo inampiga mtu badala ya msumari. Wakawapa mpira. Na wakaweka sheria moja: anayecheza, anafanya kazi kiwandani. Hakuna kununua mtu. Golikipa anayeyusha chuma, beki anapaka rangi, mshambuliaji anabeba mizigo. Theluji ikijaa uwanja wanaizoa wenyewe kwa koleo ndiyo wacheze. Baba yake Kolya alicheza humo. Babu yake alicheza humo. Jezi nyekundu.

Mimi nikamuuliza, "Na nani alikuwa anafua?"

Akalirudisha tonge kwenye sahani. "Mama... sijui. Sikuwahi kuuliza." Kesho yake akaja na sabuni mche mzima, akaniwekea pale kwenye karo.

Kuna jambo jingine alisema ambalo sikulisahau. Ilipokuja vita ile kubwa, kiwanda chao kiling'olewa. Si kwamba kilifungwa, kiling'olewa, mashine zote zikapandishwa kwenye treni zikapelekwa mbali, adui asizikute. Wachezaji wakapanda treni pamoja na mashine. Huko walikofika hakuna hata paa, wakafunga mashine kwenye baridi, na siku ya mapumziko wakatafuta mahali wakacheza. Wana njaa, wamejifunga matambara miguuni, wanacheza. "Kiwanda kinaweza kukhama," anasema. "Timu ni watu."

Basi na sisi tukafanya hivyo. Uwanja ulikuwa pale pale nyuma ya kiwanda, mistari tulikuwa tunachora kwa maranda ya mbao. Upepo ukija mstari unahama, ugomvi wa mpira umetoka au haujatoka ulikuwa hauishi. Siku ya mchezo watu wanaingia kazini asubuhi kama kawaida. Honi ikilia mchana, wanaweka zana chini, wanajipukuta, wanakuja kwangu kuchukua jezi, nywele bado zina unga wa mbao. Mimi nampa kila mtu mkononi. Namba sikuzijua kwa kusoma, nilizijua kwa sura: nane ni kibuyu, saba ni jembe, mbili ni bata anaogelea. "Njoo wewe Bata!" Halafu wanatoka wote pamoja, wekundu, kwenye yale maranda meupe. Jamani. Ningekuwa na uwezo wa kuwaonyesha kitu kimoja tu katika maisha yangu, nisingewaonyesha harusi yangu. Ningewaonyesha ule mlango wa karakana unafunguka.

Nyie leo mnavaa jezi za Ulaya. Huyu kifuani ameandikwa jina la kampuni, ukimuuliza inauza nini hajui. Imechorwa na mashine, imefuliwa na mashine, na anayeivaa hajawahi kumwona aliyeishona. Sisemi mbaya. Inang'aa. Ila hainukii kitu. Jezi ya Msumeno ukiipitisha mbele ya pua yangu hata leo, nimefumba macho, najua. Mninga, majivu, na mtu.

Kolya akazeeka. Wakamwita kwao, mwili nao umeshaanza kumkatalia. Siku ya kuondoka akaja kwenye karo, safari hii hakuchuchumaa, magoti hayakutaka. Akaomba jezi moja. Nikamuuliza namba gani, akasema yoyote ambayo mtu amekimbia. Nikampa ya Maganga, sijaifua. Akaiweka kwenye begi hivyo hivyo na jasho lake. "Mama, khuko theluji," akasema. Akalifunga begi. Mimi huwa nafikiri, sijui iko wapi jezi ile. Sijui aliifua. Kama aliifua na maji ya moto imekwisha zamani.

Bibi Kalunde naye akatangulia. Nikabaki na karo peke yangu.

Halafu mininga ikawa mbali. Lori lililokuwa linakwenda na kurudi siku moja, likawa linalala huko. Vibali navyo vikawa vigumu, na sawa tu, tulikuwa tumekata sana, mimi mwenyewe nimeyaona mapori yale yakiwa mapori. Msumeno ukawa unafanya kazi leo, kesho umelala. Mwisho ukalala moja kwa moja. Honi ikanyamaza. Mnajua kuishi mahali honi imelia miaka yote halafu isilie? Sufuria ilikuwa inaniungulia, sijui saa.

Watu wakatawanyika. Golikipa wetu Nestori, yule wa kutoka kwenye makazi ya Warundi, akaenda kulima mahindi Sibwesa. Pius akaenda machimbo ya dhahabu. Maganga akawa anaendesha guta la mizigo pale sokoni, mabega yote yale yanabeba viazi vya watu.

Mimi nikasema, kiwanda kimekufa, timu haijafa. Si Kolya alisema? Kwa hiyo Jumamosi nilikuwa napuliza filimbi mwenyewe, wanakuja watano, wanakuja saba, tunaomba watazamaji wavae jezi. Nikawa nakwenda kukwangua maganda kwenye lile lundo la zamani nyuma ya kiwanda, yaliyolowa mvua miaka, yanatoa rangi ya chai ya maziwa. Nikachanganya nikachanganya. Jezi zikawa pinki kidogo. Watu wa timu zingine wanatuimbia, "Msumeno wamepauka!" Naziba masikio.

Ikaja mechi ya Kasekese. Wakubwa wa ligi wakasema, mmeshakosa kufika, mkikosa tena na hii mnafutwa. Na lazima mje kumi na moja, na wawe wenu, hatutaki watazamaji. Nikajua ndiyo hii. Tukifutwa hakuna wa kuturudisha, nani atatuandikisha, na kiwanda kipi?

Nikajifunga kanga nikaanza kuzunguka.

Kwa Pius, kule machimboni, nimepakiwa kwenye bodaboda mpaka nyonga zinalia. Nikamkuta amekaa kwenye mfuko wa mawe, mweupe kwa vumbi. Bado mzuri wa sura, shetani yule. "Mama Tatu, mgongo." Nikamwambia, "Mgongo wako haujawahi kufanya kazi, unaumwa na nini?" Wenzake wakacheka, ikabidi aje kwa aibu.

Kwa Nestori Sibwesa nikapokelewa na mkewe. Mwanamke ana maneno yule! Mikono kiunoni: "Mume wangu ana mahindi yamejaa nyumba hayajapukuchuliwa. Huo mpira utakuja kumpukuchulia?" Nikasema, "Mpira hapana. Mimi nitapukuchua." Nikavua viatu nikakaa chini. Tukapukuchua yeye na mimi mpaka vidole vikachubuka, mwanzo hatuongei, baadaye tunasengenya wanaume, mwisho akamwambia mumewe, "Nenda, lakini usivunjike, sina wa kukubeba."

Maganga sikumshawishi. Nilikwenda nikasimama mbele ya guta lake. Akanitazama. Akasema, "Nakuja." Basi.

Siku ikafika, hapo hapo uwanjani kwetu, nikahesabu, nikahesabu tena: kumi na moja. Mlinzi wa geti la kiwanda alikuwa beki wa kushoto, mvi kichwa kizima, lakini alikuwa mtu wa kiwanda, hakuna wa kumkataa. Nilikuwa nimekwenda porini mwenyewe kwa ruhusa ya mzee wa kijiji, nikapata mzizi wa mninga ulioangushwa na upepo. Jezi zilikuwa nyekundu. Nyekundu ile yenyewe.

Watoto wangu, walicheza. Mbio hazikuwepo, mbio walishaziacha kila mtu mahali pake. Lakini watu waliobeba gogo pamoja miaka mingi wanajuana. Maganga hageuki kutazama, anapiga mpira pembeni na Pius yuko pale. Vijana wa Kasekese wanakimbia kama mbuzi waliofunguliwa, mpira hawauoni. Nestori alidaka mpaka mkewe, kumbe alikuja, akapiga vigelegele. Tukashinda moja. Pius ndiye alifunga, halafu akalala chini kama amefariki, akasubiri apepewe.

Mimi nilikuwa nimeshajaza beseni. Naimba. Hatujafutwa! Nawaza msimu ujao nitafute fulana mpya, zile zimetoboka makwapa.

Sasa upande wa pili, chini ya mwavuli, alikaa mgeni. Sikumjali. Mnene, shati jeupe, viatu vinang'aa hata kwenye vumbi. Baadaye ndiyo nikaambiwa: ni bwana wa kiwanda kipya cha kuchambua pamba, anaunda timu, anatembea kila uwanja anatafuta watu. Na yeye ana sheria yake: akikupenda ukicheza, anakupa kazi. Kazi ya kweli, ya kila mwezi, na vyumba vya kulala na familia.

Filimbi ilipolia wakamzunguka. Namsikia sauti yake, laini, kama mtu anayebembeleza mtoto ale: "Nyie mnaelewana. Nyie mmekaa pamoja. Watu kama nyie ndio nawatafuta. Mnaweza kuja wote?" Nikawaona wanaangaliana. Nestori alimtafuta mkewe kwa macho, mkewe ameshika mdomo, analia. Mlinzi wa geti, na mvi zake, akauliza, "Hata mimi?" Yule bwana akasema hata wewe, geti lipo.

Sasa mngetaka niseme nini pale? Niseme wakatae? Wana watoto. Mahindi ya Sibwesa nimeyapukuchua mwenyewe, nimeona yalivyo madogo. Na nani aliyewakusanya mpaka wakaonekana? Nilikaa pale kwenye stuli yangu, mkono uko kwenye maji ya beseni, maji yakapoa, sikuutoa.

Wakaanza kuja. Na hapo nikajua, kabla hajasema mtu. Mchezaji siku zote anakutupia jezi, paa, inakupiga usoni na jasho lake, unamtukana, anacheka. Hawa walikuja mmoja mmoja, wamezikunja. Miaka yote ile sijawahi kuona mchezaji anakunja jezi. Wakaziweka pembeni ya beseni, juu ya nyasi kavu, hakuna aliyeitia kwenye maji. Pius hakunitania. Nestori akanishika bega akapita.

Wa mwisho Maganga. Nikanyoosha mkono niichukue yake, ameishika tu, anaangalia lile geti la kiwanda kama mtu anayesoma. Nikamwambia, "Lete baba, tope litakauka vibaya." Akaishusha juu ya zile nyingine, polepole, akanyoosha kola yake kwa kidole, akasema:

"Zitupe tu, Mama Tatu. Kule pamba wana za dukani."